Maelekezo, Posho na Matokeo: Namna Tunavyochapisha Majaribio ya Kiuchumi



Nimeombwa nizungumzie uchapishaji wa utafiti katika uchumi wa majaribio, yaani tawi la uchumi linalowaita watu, likawapa fedha halisi za kufanyia maamuzi chini ya kanuni zilizopangwa, kisha likatazama wanavyoamua. Wengi huuona uchapishaji kuwa hatua ya mwisho: utafiti umekwisha, sasa tutafute jarida. Mimi naamini kwamba katika tawi hili namna ya kuchapisha ndiyo inayoamua kama tulichofanya ni jaribio, au ni kisa tu tulichokishuhudia chumbani. Jaribio ni lile ambalo mtu asiyetujua, asiyetupenda, anaweza kulirudia kwa kusoma tulichoandika. Majarida kwa miaka mingi yamelipia matokeo kuliko yanavyolipia maswali, na kwa hiyo yametujengea mazoea yanayokwenda kinyume na jambo hilo.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1948 Edward Chamberlin wa Harvard alichapisha makala katika Journal of Political Economy. Aliwagawia wanafunzi wake kadi. Mnunuzi aliandikiwa bei ya juu kabisa anayoweza kulipa, na muuzaji bei ya chini kabisa anayoweza kukubali. Kisha akawaachia wazunguke darasani wapatane wawili wawili. Kadi zote alizijua yeye, hivyo aliweza kukokotoa bei ambayo nadharia ya ugavi na mahitaji ingetabiri. Bei za darasani hazikufuata utabiri huo, na mauzo yalizidi kiasi kilichotarajiwa. Chamberlin aliona hapo ushahidi dhidi ya nadharia ya ushindani kamili.

Miongoni mwa wanafunzi waliopitia zoezi hilo alikuwa Vernon Smith. Baadaye, akifundisha Chuo Kikuu cha Purdue, Smith alilirudia kwa kubadili mambo mawili. Bei zilitangazwa kwa sauti, kila mmoja akisikia, kama inavyokuwa mnadani. Tena soko lilifunguliwa mara kadhaa, washiriki wakiwa na kadi zilezile, ili wapate nafasi ya kujifunza. Bei zikasogea kwenye utabiri wa nadharia, ingawa wanunuzi na wauzaji walikuwa wachache na hakuna aliyejua kadi ya mwenzake. Makala yake ilitoka mwaka 1962, katika jarida lilelile lililomchapisha Chamberlin. Mwaka 2002 Smith alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Daniel Kahneman.

Tazameni kilichobadilika kati ya makala hizo mbili. Washiriki wote walikuwa wanafunzi, na kadi zilikuwa za namna moja. Zilizobadilika ni kanuni za kupatana, nazo zikageuza jibu. Maana yake ni kwamba mtu anayechapisha kuwa soko lilifanya kazi, au halikufanya, bila kuzichapisha kanuni zake neno kwa neno, hajatuambia jambo tunaloweza kulitumia. Utaratibu wa jaribio ni sehemu ya ugunduzi wenyewe.

Mazoea mema ya tawi hili yanatoka hapo. La kwanza ni kuchapisha maelekezo. Karatasi waliyosomewa washiriki huwekwa kwenye kiambatisho cha makala ili msomaji aone walichoambiwa. La pili ni malipo: mshiriki analipwa kulingana na maamuzi yake na ya wenzake, juu ya kiasi kidogo cha kumshukuru kwa kufika. La tatu, na kwangu hili ni zito, ni kutomdanganya mshiriki. Ukimwambia anacheza na mtu wa chumba cha pili, pawe na mtu kweli. Ukimwambia bahati nasibu ina nafasi sawa, iwe sawa. Jarida la Experimental Economics, lililoanza mwaka 1998 chini ya jumuiya ya wanauchumi wa majaribio iitwayo Economic Science Association, halipokei makala za majaribio yaliyowadanganya washiriki. Sababu yake si maadili ya jumla peke yake. Mshiriki aliyedanganywa leo na mtafiti mmoja atakuja kesho kwa mtafiti mwingine akiwa na shaka, naye hatafuata tena kanuni alizosomewa bali kanuni anazozihisi. Imani ya washiriki ni mali ya watafiti wote, na mmoja akiifuja wote hupata hasara.

Hapa kwetu suala la malipo lina uzito wake wa pekee. Watu wetu wanaijua posho. Wanaijua kutoka kwenye semina, warsha na madodoso, mahali ambapo kila aliyefika hupata kiasi kilekile. Mshiriki akiingia kwenye jaribio akiamini kuwa mwisho wa siku wote watapewa sawa, uamuzi wake hauna gharama yoyote, na mchezo anaoucheza sio ule ulioandikwa kwenye makala. Kwa hiyo makala ya utafiti uliofanywa Iringa au Kisumu inapaswa kueleza malipo yalielezwaje, nani aliyashuhudia, na washiriki walipimwaje kama wameelewa. Kituo cha Busara cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 2011, kiliona haja hiyo mapema. Kilitumia skrini za kugusa ili wasiosoma nao washiriki, kikalipa kwa M-Pesa, na utaratibu wenyewe ukaandikiwa makala ili wengine wajue. Makala za namna hiyo hazileti sifa kubwa, lakini ndizo zinazozibeba makala nyingine zote.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

David Card na Stefano DellaVigna walichunguza majarida matano makubwa ya uchumi. Walikuta kwamba kati ya mwaka 1990 na 2012 idadi ya miswada iliyopelekwa kwa mwaka ilikaribia kuongezeka maradufu, huku makala zilizochapishwa zikiwa zimepungua kutoka takribani 400 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 300. Kiwango cha kukubaliwa kilishuka kutoka kama asilimia 15 hadi 6. Lango likiwa jembamba kiasi hicho, na ajira na vyeo vikipimwa kwa lango hilohilo, mtafiti kijana hujiuliza mhariri anataka kuona nini. Jibu analolipata kwa walimu wake, hata kama halisemwi waziwazi, ni kwamba mhariri anataka kuona athari. "Hatukuona tofauti" ni sentensi isiyopata jarida. Matokeo ya namna hiyo hubaki kwenye droo, na hayo ni malalamiko ya zamani: Robert Rosenthal, mwanasaikolojia, alikwishaandika kuhusu tatizo hilo la droo mwaka 1979.

Kwa mazoea, matokeo huhesabiwa kuwa na uzito wa kitakwimu iwapo uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, pale ambapo hakuna athari yoyote, ni chini ya asilimia 5. Mpaka huo una maana ukipima jambo moja uliloliamua mapema. Ukipima mambo 20 yasiyo na athari yoyote, kila kipimo kikijitegemea, uwezekano wa angalau kimoja kuvuka mpaka kwa bahati tu ni takribani asilimia 64. Wala mtafiti hahitaji kuwa mwongo ili afike hapo. Anawatazama wanawake peke yao, kisha vijana peke yao. Anawaondoa walioonekana hawakuelewa. Anaongeza kikao kimoja kwa sababu matokeo yamekaribia. Kila hatua ina sababu inayosikika vizuri, na mwishowe anaandika makala kana kwamba njia aliyoishia nayo ndiyo aliyoianza.

Alama za mwendo huo zinaonekana. Abel Brodeur na wenzake walikusanya vipimo 50,000 kutoka majarida matatu makubwa ya uchumi, wakavichora kwenye grafu. Makala yao ilitoka mwaka 2016. Mchoro ulikuwa na nundu mbili. Vipimo vilivyoukosa mpaka vilikuwa vichache kuliko ilivyotarajiwa, na upungufu huo ulirundikana ng'ambo ya pili, mara tu baada ya mpaka kuvukwa. Katika kazi yao ya baadaye, ya mwaka 2020, walikuta kwamba majaribio ya nasibu, yaani yale ambayo washiriki hupangwa makundi kwa bahati nasibu, yana kasoro hiyo kwa kiasi kidogo kuliko baadhi ya mbinu nyingine. Hiyo ni heri kwetu sisi wa majaribio, lakini haitutoi kwenye lawama.

Ushahidi unaotuhusu zaidi ulitoka mwaka huohuo wa 2016, katika jarida la Science. Colin Camerer na timu kubwa ya wenzake walichukua majaribio 18 ya maabara yaliyochapishwa kati ya 2011 na 2014 katika American Economic Review na Quarterly Journal of Economics, wakayarudia. Walifanya kwa uangalifu wa kupigiwa mfano: mpango wa kila jaribio uliandikwa na kuwekwa hadharani kabla ya kuanza, watafiti wa awali waliombwa maoni, na idadi ya washiriki ilipangwa iwe kubwa kiasi cha kuiona athari ya awali kwa uwezekano wa angalau asilimia 90 kama ipo. Majaribio 11 kati ya 18 yalitoa athari ya mwelekeo uleule yenye uzito wa kitakwimu. Hiyo ni asilimia 61. Na ukubwa wa athari, kwa wastani, ulikuwa kama asilimia 66 ya ule uliotangazwa mwanzoni.

Wapo waliofurahi, kwa sababu mradi kama huo wa saikolojia, uliotangazwa mwaka 2015, ulifanikiwa kwa kiwango cha chini zaidi. Mimi huitazama ile asilimia 66 kuliko ile 61. Tuseme athari ya kweli ni ndogo, nawe umewaita watu 40. Mara nyingi hutafika mpakani. Mara chache utakazofika ni zile ambazo bahati imeisukuma athari ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Jarida likichapisha hizo tu, wasomaji watapewa athari iliyovimba hata kama kila mtafiti alikuwa mkweli wa kupindukia. Mchujo wenyewe ndio unaoivimbisha. Kisha mtu wa wizara anaisoma makala hiyo, anapanga bajeti kwa ukubwa ulioandikwa, na fedha za umma zinakwenda kununua kitu ambacho theluthi yake haipo. Ninapowaambia wanafunzi wangu waongeze idadi ya washiriki na wapunguze idadi ya maswali, nawaza huyo mtu wa wizara.

Upo pia udanganyifu wa wazi, nao ni nadra, lakini una funzo kuhusu uchapishaji. Mwaka 2012 jarida la PNAS lilitoa makala iliyodai kwamba mtu akiweka saini ya kuahidi ukweli mwanzoni mwa fomu, badala ya mwishoni, husema ukweli zaidi. Mashirika na serikali zikavutiwa, kwa kuwa hatua yenyewe haina gharama. Mwaka 2020 waandishi walewale, pamoja na wengine, walichapisha majaribio mapya yaliyoshindwa kuiona athari hiyo, wakaweka hadharani data za awali. Wachambuzi wengine walipozichungua data hizo waliona dalili za wazi kwamba sehemu yake ilikuwa ya kubuni. Makala ya 2012 ilifutwa mwaka 2021. Ilichukua miaka tisa. Data zingewekwa mezani siku ya kwanza, pengine isingechukua hata mmoja. Ndiyo sababu naunga mkono kwa moyo wote hatua ya Chama cha Wanauchumi cha Marekani ya kumweka mhariri wa data, ambaye ofisi yake hupitia data na programu za uchambuzi kabla makala haijachapishwa.

Niwageukie sasa watu wanaofanyiwa majaribio haya, kwa sababu wengi wao ni majirani zetu.

Mwaka 2001 American Economic Review ilitoa ripoti ya Joseph Henrich na wenzake kuhusu michezo iliyochezwa katika jamii ndogo 15 duniani, miongoni mwao Wahadzabe na Wasangu wa Tanzania na Waorma wa Kenya. Katika mchezo mmoja, mtu wa kwanza hupewa fedha apendekeze mgawo kwa wa pili. Wa pili akikataa, wote hukosa. Wastani wa mapendekezo ulianzia kama asilimia 26 katika jamii moja hadi 58 katika nyingine. Hapo ndipo madai ya jumla kuhusu "binadamu", yaliyojengwa juu ya wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani, yalipotikisika.

Lakini kisa cha Waorma ndicho ninachokirudia kila mwaka darasani. Walichezeshwa mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, ambamo kila mmoja huamua aweke kiasi gani, na kinachopatikana huongezwa na kugawiwa kwa wote. Walipoelezwa tu, Waorma waliutambua: hii ni harambee. Wakauita mchezo wa harambee, wakachangia kwa wastani asilimia 58 ya walichopewa, na robo yao walitoa chote. Watafiti waliliandika jambo hilo kwenye ripoti, na kwa hilo nawashukuru. Kama wangechapisha asilimia peke yake, tungesoma kwamba Waorma ni wakarimu na tukaishia hapo. Kwa kuwa walituambia washiriki walivyouelewa mchezo, tunajua kwamba mwenendo ule ulitoka kwenye desturi yenye jina, yenye historia ya shule na barabara zilizojengwa kwa michango.

Chukueni mfano mwingine. Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha katika Econometrica mwaka 2009 jaribio la kurusha mpira kwenye ndoo iliyo umbali wa mita tatu, kila mtu mara kumi. Mshiriki alichagua alipwe kwa kila mpira ulioingia, au alipwe mara tatu ya kiwango hicho, lakini akimshinda tu mpinzani asiyemjua. Kwa Wamaasai wa Tanzania, nusu ya wanaume walichagua ushindani, na wanawake kama robo. Kwa Wakhasi wa India, ambako ukoo hufuatwa kwa mama, wanawake ndio waliochagua ushindani zaidi ya wanaume. Ni jaribio zuri, jepesi kulielewa na jepesi kulirudia. Nauliza kwa nini vyuo vyetu, vilivyo saa chache kutoka vijiji vya Wamaasai, havijafanya kazi ya kulirudia kuwa jambo la kawaida. Gharama yake ni ndoo, mipira, usafiri na fedha za washiriki. Nadhani tunakwama kwa sababu tunajua mrudiaji hapandi cheo.

Hapa naliingiza ombi ambalo sitachoka kulitoa. Makala ikisema kwamba maelekezo yalitolewa kwa Kiswahili, kisha kiambatisho kikawa na Kiingereza peke yake, basi kilichochapishwa si kile walichosikia washiriki. Nimeona kwamba makosa mengi ya majaribio yetu huanzia hapo: msaidizi wa utafiti, kijana hodari, anafafanua kwa maneno yake kikao cha asubuhi, na kwa maneno mengine kikao cha jioni. Andikeni maandishi ya Kiswahili, ya Kimaasai, ya Kiorma, kama yalivyosomwa, na myaweke kwenye kiambatisho. Jarida likikataa kwa kukosa nafasi, yawekeni kwenye hifadhi ya wazi ya mtandaoni pamoja na data.

Kuna watakaosema kwamba kuweka kila kitu wazi ni kujianika kwa wapinzani. Ni kweli, na mfano tunao Busia. Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha mwaka 2004, katika Econometrica, utafiti wa kutoa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi, ambao ulionyesha kwamba dawa hizo zilipunguza utoro, hata kwa watoto wasiozimeza. Baadaye waliwakabidhi data zao watafiti wengine, wa fani ya magonjwa, ambao uchambuzi wao ulitoka mwaka 2015 katika International Journal of Epidemiology. Makosa ya hesabu yalionekana, na dai kwamba faida ilienea hadi shule za mbali lilidhoofika. Mabishano yalikuwa makali, na hayajatulia kabisa. Mimi nauheshimu utafiti huo zaidi kwa sababu ya mabishano hayo, maana tafiti nyingi za rika lake hazijawahi kukaguliwa na mtu yeyote, na Kremer na Miguel walikubali kukaguliwa.

Njia ya kulipia swali na utaratibu badala ya matokeo ipo tayari. Mwaka 2018 Journal of Development Economics lilianza kupokea mapendekezo ya utafiti kabla data hazijakusanywa. Wahakiki hulisoma swali, utaratibu, idadi ya washiriki na mpango wa uchambuzi, na wakiridhika jarida huahidi kuchapisha, matokeo yawe yoyote. Mtafiti aliyepata ahadi hiyo hana sababu ya kuwatafuta vijana peke yao au kuongeza kikao. Tena wahakiki wanamkosoa wakati bado anaweza kurekebisha, si baada ya fedha kwisha. Majarida yetu ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hayahitaji fedha nyingi kuanza utaratibu huo. Yanahitaji wahariri wawili watatu walioamua, na kamati za kupandisha vyeo zitakazohesabu makala ya "hatukuona tofauti", iliyofanywa vizuri, sawa na makala nyingine yoyote, na marudio ya jaribio la mwingine vilevile.

Na kwenu mnaoanza kukusanya data muhula ujao: sajilini mpango wenu kabla ya kikao cha kwanza. Sajili ya majaribio ya nasibu ya Chama cha Wanauchumi cha Marekani ipo tangu 2013, na haitozi ada. Andikeni mapema ni kipimo kipi kikuu, na ni nani ataondolewa kwenye uchambuzi na kwa nini. Mtakapopeleka maombi ya kibali kwa tume za utafiti, COSTECH ya Tanzania au NACOSTI ya Kenya, ambatisheni maelekezo ya Kiswahili yaleyale mtakayoyasoma, na msiyabadilishe baada ya hapo bila kuandika tarehe na sababu. Vikao vya majaribio ya awali vilivyoharibika viandikwe navyo. Kisha makala ikishatoka, rudini kijijini na muwaeleze walioshiriki mlichokiona na fedha ziligawiwaje, kwa lugha waliyochezea.